Maji ya mvua ya kiwanja chako ni mzigo wako: jibu kwa msomaji wa Goba

Msomaji mmoja wa Goba, Dar es Salaam, ameniandikia hivi: "Shikamoo Mhandisi. Nina kiwanja cha mita za mraba 1,200 kilichopimwa, na hati ninayo. Kinateremka kutoka barabarani kwenda nyuma, na huko nyuma kuna korongo ambalo kiangazi ni kavu lakini masika linanguruma. Nataka kubomoa nyumba ndogo iliyopo nijenge apatimenti nane za ghorofa, na sehemu yote itakayobaki niweke pevingi kwa ajili ya magari. Jirani wa chini ameanza kulalamika kabla sijashusha hata tofali, anasema maji yangu yatamwangukia. Fundi wangu anasema tutoe bomba hadi korongoni, tujenge ukuta mpaka ukingoni, mambo yaishe. Halmashauri nao wanataka mchoro wa maji ya mvua. Sheria inanidai nini hasa, na mwenye mamlaka ni nani?"

Marahaba. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Maji ya mvua yanayoangukia kiwanja chako ni mzigo wako mpaka yafike kwenye njia ya maji inayotambulika, tena yafike hapo kwa wingi na kwa kasi ambayo njia hiyo, pamoja na watu waishio kando yake, wanaweza kuihimili. Hati inakupa haki ya kumiliki na kibali cha ujenzi kinakuruhusu kujenga, lakini katika karatasi hizo mbili hakuna inayokuruhusu kumhamishia mwingine maji yako. Kwa hiyo jirani yako ana hoja, halmashauri wako sahihi kudai mchoro, na fundi wako, pamoja na uzoefu wake wote, anakupeleka pabaya.

Usitafute sheria moja yenye jina la maji ya mvua. Wajibu wako umetawanyika katika sheria kadhaa, na ndiyo maana watu wengi hudhani haupo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazuia mtu kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwako ni Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda kingo za mito na fukwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inahusu mkondo wenyewe, na mito ya Dar es Salaam iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inagusa mtaro ulio mbele ya geti lako, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inagusa maji yanayotuama yakawa mazalia ya mbu. Juu ya hizo zote kuna sheria ndogo za halmashauri, ambazo ndizo afisa anazokuja nazo mkononi anapokuandikia faini. Anayejenga hawezi kuchagua mojawapo aifuate na kuziacha nyingine.

Nianze na korongo, kwa sababu hapo ndipo mradi wako unaweza kukwama kabisa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na kingo za mabwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo, katika kifungu cha 7, inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto miongoni mwa ardhi hatarishi, pamoja na maeneo ya mikoko, ardhi oevu na miteremko mikali. Wakazi wa Mkwajuni na Hananasif hawahitaji kuelezwa maana ya kipimo hicho, kwa sababu walikiona mwishoni mwa mwaka 2015 kikiwa kimechorwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta zao kwa umbo la herufi X, alama ya nyumba za kubomolewa. Kabla ya hapo, mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Watu huziona mita 60 kuwa ukali wa serikali tu, lakini aliyewahi kusimama Jangwani wakati mvua kubwa imegongana na bamvua, yaani bahari ikiwa imejaa sana, maji ya mto yakakosa pa kutokea chini ya daraja la Salander, anajua kwamba mto unahitaji nafasi ya kutanuka.

Sasa, je, korongo lako ni mto? Hilo usiliamue wewe, wala fundi, wala mimi niliye mbali. Mkondo unaokauka kiangazi bado unaweza kuwa mkondo wa asili, tena ukawekewa hifadhi kwenye mchoro wa mipango miji uliotumika kupima viwanja vyenu. Nenda kwa afisa mipango miji wa manispaa ukiwa na namba ya kiwanja na namba ya ramani ya upimaji, uombe kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu, kisha uangalie kama nyuma ya mstari wa kiwanja chako kumechorwa ukanda wa hifadhi au eneo la wazi. Baada ya hapo iandikie ofisi ya bonde barua, uwaombe waje waone na wakujibu kwa maandishi ukingo unaanzia wapi na ni umbali gani usiguswe. Barua hiyo inaonekana kama usumbufu leo, lakini ndiyo itakayokutetea siku afisa mwingine atakapokuja na kopo la rangi. Kuwa na hati hakutoshi kukulinda, maana kiwanja kinaweza kupimwa kihalali huku sehemu yake ya nyuma ikiwa hairuhusiwi kujengwa chochote cha kudumu.

Kuhusu ukuta wa kufika ukingoni, jibu langu ni hapana. Ukuta unaoziba au kubana mkondo, kifusi kinachomwagwa ili kiwanja kiongezeke mita tatu nne kuelekea bondeni, au kalavati unalojitungia mwenyewe ili upate kupita juu yake, vyote ni kuingilia mkondo wa maji, na kuchepusha au kuzuia maji ya mkondo kunahitaji kibali cha bodi ya bonde. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na ukiubana mkondo upande wako, maji yatakula ukingo wa ng'ambo, au yatarudi nyuma kwa walio juu yako, na kwa hali yoyote utatafutwa wewe. Nimeona viwanja vingi vilivyoongezwa kwa kifusi katika mabonde ya Mbezi na Kinyerezi. Mwaka wa kwanza hupendeza, wa pili ukuta huanza kuinama, na mara nyingi wa tatu haufiki. Udongo wa kifusi haujashikamana, maji hupita chini yake, na ukuta ambao haukuachiwa matundu ya kutolea maji hubeba uzito wa udongo na wa maji kwa pamoja. Kuta za namna hii zimewaangukia watu usiku wa mvua katika jiji hili, tena mara nyingi aliyelala upande wa chini siye aliyeujenga.

Na bomba? Wazo la kuyapeleka maji korongoni si baya lenyewe, kwa sababu mteremko wako unaelekea huko na maji yalikuwa yakienda huko kabla yako. Ubaya uko katika namna. Bomba la inchi sita linalochomoza kwenye ukingo wa udongo, likitoa maji ya paa zima mahali pamoja, huanza kwa kuchimba kishimo chini ya mdomo wake katika masika ya kwanza. Kishimo hupanuka, bomba hubaki likining'inia bila kushikwa na kitu, kipande cha mwisho hukatika, na maji sasa huanza kumwagika ndani zaidi ya kiwanja, karibu na msingi. Ukingo husogea kuelekea nyumba bila mtu kutambua, kwa sababu nani huenda nyuma ya ukuta kukagua? Njia sahihi ni kuyashusha maji kwa mfereji wa zege wenye ngazi, na pale yanapoingia mkondoni kuweka mawe makubwa yaliyopangwa au vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ili maji yapoteze nguvu kabla hayajagusa udongo. Kazi hiyo inaingia katika eneo la hifadhi, kwa hiyo nayo lazima ionekane kwenye mchoro na ikubaliwe na ofisi ya bonde pamoja na manispaa.

Nije kwenye mchoro ambao halmashauri wanaudai. Maombi ya kibali cha ujenzi siku hizi hupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ukiwa umeambatisha michoro ya msanifu na, kwa jengo la ghorofa, ya mhandisi wa mihimili. Mchoro wa maji ya mvua mara nyingi hutengenezwa mwishoni, harakaharaka, kwa kuchora mishale ya buluu kuzunguka jengo ambalo limeshaamuliwa litakaa wapi. Mimi naona huo ni utaratibu uliopinduka. Katika kiwanja chenye mteremko kama chako, mchoro wa maji unapaswa kutangulia, kwa sababu ndio utakaosema sakafu ya chini iinuliwe kiasi gani, magari yaegeshwe wapi, na shimo la choo likae upande gani. Mwambie mpimaji akupimie mwinuko wa kiwanja chote, wa barabara na wa ukingo wa korongo, halafu mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi afanye hesabu. Mishale isiyo na hesabu haimsaidii yeyote, na mkaguzi makini ataikataa.

Hesabu yenyewe si ngumu kiasi cha kukushinda kuielewa, na ukiielewa hutadanganywa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Leo kiwanja chako kina nyasi, miembe na nyumba ndogo, na tukikadiria kwamba robo tu ya mvua hutiririka huku nyingine ikizama au kubaki kwenye majani, basi mvua ya milimita 50 itakutolea takribani lita 15,000 kutoka mita zote 1,200. Baada ya ujenzi utakuwa, tuseme, na paa la mita za mraba 450, pevingi mita 550 na bustani mita 200. Paa hutoa karibu mvua yote, pevingi iliyopangwa juu ya mchanga ulioshindiliwa hutoa sehemu kubwa mno kuliko wauzaji wanavyokiri, na bustani robo. Ukijumlisha kwa uzito wa kila eneo, karibu asilimia 79 ya mvua itatiririka. Milimita 50 zilezile sasa zitakuletea zaidi ya lita 47,000.

Hiyo ni jumla. Anachokilalamikia jirani ni kasi, na kasi inabadilika vibaya zaidi machoni pa mtu. Chukua mvua ya nguvu ya milimita 100 kwa saa, aina ile inayopiga kwa dakika chache hadi huoni upande wa pili wa barabara. Kiwanja kikiwa cha nyasi hutoa lita 8 hivi kila sekunde, tena zikiwa zimetawanyika. Kikiwa na apatimenti na pevingi kitatoa lita 26, zikiwa zimekusanywa na gata na kona za ukuta hadi mahali pamoja. Ni zaidi ya mara tatu, na hakuna ukuta wa jirani uliojengwa kwa kutarajia hivyo. Kwa hiyo akisema maji yako yatamwangukia, hana roho mbaya. Amefanya hesabu hiyohiyo kwa macho.

Lengo la mhandisi wako liwe kwamba baada ya kujenga, kiwanja kisitoe maji kwa kasi kubwa kuliko kilivyokuwa kikitoa kabla. Kipimo hicho ndicho wahandisi wa mifereji wanachokubaliana nacho karibu kila mahali, na ndicho kitakachokupa jibu zuri mbele ya manispaa, ya ofisi ya bonde na ya baraza la ardhi kama wewe na jirani mtafika huko. Kwa mfano wetu, mvua ya milimita 50 ikinyesha ndani ya saa moja, na ukaruhusu lita 8 tu kila sekunde zitoke, utakuwa umetoa karibu mita za ujazo 29 kati ya 47. Zinazobaki, kama mita za ujazo 18, lazima zikae mahali kwa muda. Hilo ni tangi la chini ya ardhi lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha mita 1.6, likiachiwa nafasi kidogo juu, na linaweza kukaa chini ya maegesho bila kukunyima hata gari moja. Mdomo wa kutokea uwe mdogo kwa makusudi, uwekewe wavu wa kuzuia majani, na juu yake kuwe na njia ya dharura inayoelekea korongoni pindi mvua itakapozidi makadirio. Mhandisi atatumia takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa badala ya namba zangu za mfano, lakini ukubwa wa jambo ndio huo.

Unaweza pia kulipunguza tangi. Ukiacha kuweka pevingi kila mahali, ukabakiza ukanda wa nyasi na miti upande wa chini, lita zinapungua bila kulipia zege. Maji ya paa unaweza kuyavuna kwenye simtanki kwa ajili ya kufulia, vyoo na bustani, jambo ambalo wapangaji wako watalishukuru siku maji ya bomba yanapokatika. Kuvuna maji ya paa kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali cha bonde. Kumbuka tu kwamba simtanki iliyojaa tangu juzi haizuii kitu mvua ya leo ikinyesha, kwa hiyo usiihesabu kama sehemu ya zile mita za ujazo 18 isipokuwa kama sehemu yake ya juu huachwa tupu kila mara.

Kuna watakaokushauri shimo la kufyonza maji, na hapa naomba uwe mwangalifu. Katika maeneo yenye mchanga mzuri na maji ya ardhini yaliyo chini sana, shimo hilo hufanya kazi nzuri. Mikocheni na Msasani, ambako masika maji ya ardhini hupanda karibu na uso, shimo hujaa kutoka chini kabla mvua haijalifikia. Kwako Goba tatizo ni jingine. Udongo wa miinuko hii mara nyingi ni mchanga uliochanganyika na mfinyanzi, na ukiyaingiza maji ardhini karibu na ukingo wa korongo unaulainisha ukingo wenyewe. Ukilazimika kuwa na shimo, likae upande wa juu, lisiwe karibu na msingi chini ya mita 5, liwe mbali na shimo la choo na kisima, na kabla ya hapo pimeni upenyaji: chimbeni shimo dogo hadi kina kilekile, mjaze maji, muache yazame, mjaze tena, ndipo mpime yanashuka kwa muda gani. Kipimo cha mara ya kwanza hudanganya kwa sababu udongo mkavu hunywa kwa pupa.

Maji ya mvua yasikutane na majitaka kwa namna yoyote. Nyumba nyingi za Goba hutegemea septiki tanki, na gata likielekezwa kwenye chemba ya choo, mvua ya kwanza kubwa itaujaza mfumo wote na kuutapisha uani. Hata siku bomba la majitaka la DAWASA litakapofika kwenu, halitakuwa limejengwa kwa ajili ya kubeba maji ya paa. Na lile zoea la kutapisha vyoo mvua inaponyesha, ambalo wenye nyumba wengine hulifanya usiku wakiamini mafuriko yataficha, ni kosa la afya ya jamii linaloweza kukufikisha mahakamani. Nalitaja kwa sababu jengo la familia nane huzalisha majitaka ya kutosha kumtia mwenye nyumba kishawishi hicho. Kadiria shimo kwa idadi halisi ya watakaoishi.

Upande wa mbele, mtaro wa barabarani si wako. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za mitaa kama yenu kwa kawaida ziko chini ya TARURA, ambayo ilianza kazi mwaka 2017. Kuunganisha bomba kwenye mtaro, kuukata, kuufunika au kujenga kivuko juu yake kunahitaji ruhusa yao. Tazama mtaa wowote wenye geti jipya na utakiona kosa linalojirudia. Mwenye nyumba amelaza bomba la inchi nne au sita ndani ya mtaro wenye upana wa nusu mita, akamimina zege juu ili gari lipite, na mvua ya pili chupa za plastiki na mchanga vimeziba mdomo wa bomba hilo. Kuanzia hapo barabara ndiyo mtaro, na nyumba tatu zilizo upande wa juu zinaogelea. Kivuko chako kiwe na nafasi ile ile ya mtaro, kifunikwe kwa vipande vya zege vinavyoweza kunyanyuliwa na watu wawili, ili mtaro uweze kuzibuliwa.

Kuhusu jirani wa chini. Maji yaliyokuwa yakimpitia kwa kutiririka juu ya ardhi tangu zamani, kwa mteremko wa asili, hayakufanyi mkosaji. Ukiyakusanya, ukayaongeza na kuyatoa mahali pamoja kuelekea kwake, umeunda kitu kipya, na madhara yake anaweza kukudai kama adha au uzembe. Madai ya madhara ya namna hiyo yana ukomo wa miaka mitatu. Baraza la kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, limebaki na kazi ya kusuluhisha na haliamui tena kesi. Suluhu ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani, kulingana na aina ya dai. Ushauri wangu ni kumwendea mapema ukiwa na mchoro mkononi, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ikiwa njia nzuri zaidi ya kufika korongoni inapita kwenye kona ya kiwanja chake, mnaweza kukubaliana, lakini makubaliano ya mdomo hufa siku kiwanja kinapouzwa. Sheria ya Ardhi inaruhusu haki ya kupitisha kitu katika ardhi ya mwingine kuandikwa na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hapo itamfunga hata mnunuzi ajaye.

Jengo la apatimenti si nyumba ya familia moja, kwa hiyo kabla ya kuanza uliza NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kama mradi wako unaangukia katika daraja linalodai tathmini ya athari kwa mazingira, hasa kwa kuwa uko kando ya korongo. Angalia pia masharti ya matumizi yaliyoandikwa kwenye hati yako, maana makazi ya familia moja na apatimenti hayatazamwi sawa.

Muda wa ujenzi nao una mambo yake. Usianze kuchimba msingi na kuondoa nyasi Machi, masika ikiwa mlangoni, kwa sababu kiwanja kilicho wazi kwenye mteremko humwaga udongo mwingi ndani ya wiki chache kuliko kitakavyomwaga kwa miaka kikiisha kujengwa, na udongo huo ndio unaojaza kalavati la chini yako. Ukianza Juni au Julai, hadi vuli ya Oktoba itakapofika, msingi, tangi na mfereji wa kushushia maji vinaweza kuwa vimekamilika. Mchanga na kokoto vikae ndani ya kiwanja chako, vizungushiwe matofali au viroba kwa upande wa chini. Vikilundikwa barabarani, sheria ndogo za manispaa zinatoza faini. Hakikisha kwenye mkataba kwamba mkandarasi, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, anajenga mifereji ya maji kabla ya paa kukamilika. Wengi huiacha iwe kazi ya mwisho, wakati ambapo fedha zimekwisha na maji ya paa yanamwagika moja kwa moja kwenye msingi.

Jambo la mwisho ni nani atakayesafisha. Tangi lililojaa tope ni shimo tu, na mdomo wake mdogo ukizibwa na majani ya mwembe, maji yote yatapita kwenye njia ya dharura kila siku kana kwamba hukujenga kitu. Kama utapangisha, liandike kuwa jukumu la mwenye nyumba, ulipie mtu wa kuzibua kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba. Kama utauza apatimenti mojamoja kwa utaratibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, hakikisha tangi, mfereji na mawe ya korongoni vimeorodheshwa kuwa mali ya pamoja, la sivyo mmiliki wa sehemu ya chini ataachiwa peke yake. Na kama majirani wa juu yako nao wameanza kuweka pevingi, pendekeza kwenye mkutano wa mtaa mchangie mfereji mmoja wa kushuka korongoni, mhandisi aukadirie kwa maji ya viwanja vyote, kisha mpeleke mchoro TARURA na ofisi ya bonde kwa pamoja. Mfereji mmoja uliokadiriwa hugharimu kila nyumba kidogo kuliko mabomba matano yanayochimba ukingo uleule.